Keria ya Nyuma ya Gari la Porini: Heri Kuikata Kuliko Kuurefusha Mkono Wake

Kwa miaka mingi mzigo wa gari la safari ulikuwa na mahali pawili tu pa kukaa: ndani ya gari, au juu ya paa. Ndani hapatoshi, na juu kuna gharama yake. Kila kilo inayopandishwa juu ya paa huinua kitovu cha uzito wa gari zima, na gari ambalo kitovu chake kiko juu hupinduka kwa wepesi zaidi linapokata kona au linapopita ubavuni mwa kilima. Si ajabu basi kwamba wenye magari ya kwenda porini wamevutiwa na keria ya nyuma, yaani jukwaa la chuma linalochomekwa mahali pa kufungia tela na kukaa nyuma ya bampa, kwa kimo ambacho mtu mmoja aweza kupakia mzigo bila ngazi.

Keria za namna hii zimeenea sana Marekani. Huko magari mengi yana, chini ya bampa ya nyuma, bomba la mraba lililo wazi upande wa nyuma. Mkono wa tela au wa keria huchomekwa ndani yake na kuzuiwa kwa pini. Katika makala haya bomba hilo tutaliita ala, kwa kuwa huupokea mkono kama ala inavyopokea kisu. Kipimo kilichozoeleka kwa magari makubwa ni ala yenye uwazi wa inchi 2, yaani milimeta 50.8 kila upande, na pini yake ina unene wa milimeta 16 hivi. Keria ya kawaida iliyoundwa kwa ala hiyo ina jukwaa la sentimeta 152 kwa 51, na aghalabu kibandiko chake huitaja kuwa na uwezo wa kubeba ratili 500, yaani kilo 227. Mnunuzi husoma kibandiko, akafurahi, akaishia hapo. Lakini anayesoma karatasi ya maelezo mpaka mwisho mara nyingi hukuta sentensi nyingine fupi: keria hii isitumiwe nje ya barabara nzuri.

Sentensi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kumwogofya mtu. Ina hesabu nyuma yake, na hesabu yenyewe si ngumu. Mtu akiielewa aweza kuibadili keria ya dukani ikafaa safari za porini, na pia akajua ni mabadiliko gani yanayoonekana ya busara ilhali ni ya hatari.

Tuchukue mfano wa gari linalojulikana kila pembe ya Afrika Mashariki: Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ulioanza kuundwa mwaka 1984, na hasa lile umbo refu liitwalo 78. Nafasi kati ya ekseli yake ya mbele na ya nyuma ni meta 2.98. Mlango wa nyuma una mbawa mbili zinazofunguka kando, na gurudumu la akiba limefungwa juu ya ubawa mmojawapo. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Gurudumu hilo hutokeza nyuma kupita bampa, na keria iliyoundwa kwa gari lisilo na gurudumu mgongoni haichomeki hadi mwisho: ukingo wake hugota kwenye tairi. Fundi akiletewa shida hii, jibu la kwanza linalomjia ni kuukata mkono wa keria, kuunga kipande cha bomba cha sentimeta 30 hivi, na kuichomeka keria mbali kidogo na gurudumu. Ni kazi ya nusu saa, haili chuma kingi, na mteja huondoka ameridhika. Kwa maoni yetu, katika majibu yote yaliyopo, hilo ndilo baya kuliko yote.

Mzigo kwenye fimbo

Msafiri wa miguu aliyetundika furushi kwenye ncha ya fimbo na kuiweka fimbo begani anaijua kanuni yote kwa mkono wake. Bega ni egemeo. Furushi liko nyuma ya bega. Mkono uko mbele, ukiivuta fimbo chini ili isibinuke. Furushi likisogezwa karibu na bega, mkono hupumzika. Likisogezwa ncha ya mwisho, mkono huchoka ingawa furushi halikuongezeka hata punje. Na bega, ambalo mtu angedhani linabeba furushi peke yake, kwa kweli hubeba furushi pamoja na nguvu yote ya mkono unaovuta chini.

Katika gari, ekseli ya nyuma ndiyo bega, na uzito ulio juu ya ekseli ya mbele ndio mkono. Tuseme keria yenyewe ina kilo 30, na juu yake yamewekwa madumu sita ya maji ya lita 20, yaani kilo 120. Jumla ni kilo 150. Tuseme tena kwamba mdomo wa ala uko meta 1.2 nyuma ya ekseli, na kwamba kitovu cha keria na mzigo wake kiko sentimeta 60 nyuma ya mdomo huo. Basi kilo 150 ziko meta 1.8 nyuma ya egemeo. Zidisha 150 kwa 1.8, kisha gawanya kwa 2.98: utapata karibu 91. Hizo ni kilo zinazoondolewa kwenye magurudumu ya mbele. Nayo magurudumu ya nyuma hayakuongezewa kilo 150 bali 241, yaani mzigo pamoja na zile kilo zilizohama kutoka mbele.

Mkono ukirefushwa kwa sentimeta 30, kilo zinazoondoka mbele hufika 106. Nyongeza ya kilo 15 si kubwa kwa gari zito kama hili, na pengine ndiyo sababu watu huidharau. Katika gari fupi mambo ni mengine. Suzuki Jimny ya mwaka 2018 ina meta 2.25 tu kati ya ekseli zake, na gari zima lina uzito wa kilo 1,100 hivi. Kilo 100 zikiwekwa meta 1.4 nyuma ya ekseli yake huipunguzia mbele kilo 62, na dereva huziona mara moja: usukani huwa mwepesi, gari husita kufuata kona, taa kubwa humulika matawi ya miti badala ya barabara. Kinyume chake, karakana zinazorefusha chasisi za Land Cruiser kwa ajili ya magari ya watalii, kama zile za Arusha, huipunguza athari hii bila kukusudia, kwa maana kadiri ekseli zinavyoachana ndivyo mzigo wa nyuma unavyopungukiwa nguvu ya kuinua mbele.

Lakini ekseli si mahali panapovunjika. Panapovunjika ni mdomoni mwa ala.

Hesabu ya mkono

Nguvu inayojaribu kuupinda mkono wa keria hupatikana kwa kuzidisha uzito kwa umbali, ila safari hii umbali hauanzii kwenye ekseli bali kwenye mdomo wa ala. Kilo 150 zina uzito wa nyutoni 1,500 hivi. Zikiwa sentimeta 60 kutoka mdomoni, nguvu ya kupinda ni nyutoni-meta 900. Zikiwa sentimeta 90, ni nyutoni-meta 1,350. Basi kile kipande kifupi kilichoungwa na fundi, ambacho kwa ekseli kilikuwa jambo dogo, kwa mkono kimeongeza kazi kwa nusu nzima. Hapa ndipo ilipo sababu ya watengenezaji wengi wa vipande vya kurefushia kuagiza kwamba anayevitumia aupunguze mzigo kwa nusu.

Tuendelee hatua moja mbele. Keria haiendi ikiwa imetulia. Gurudumu linapoanguka shimoni na gari kuinuka tena ghafla, mzigo hukandamiza kana kwamba umeongezeka mara mbili au tatu. Mwenye kuunda kitu cha barabara mbaya hufanya vyema kupigia hesabu mara tatu. Kwa hiyo nyutoni-meta 900 ziwe 2,700, na 1,350 ziwe 4,050.

Sasa tuutazame mkono wenyewe. Bomba la mraba la milimeta 50 lenye kuta za milimeta 6, likipindwa kwa nyutoni-meta 2,700, hupata katika uso wake wa juu na wa chini mkazo wa nyutoni 195 hivi kwa kila milimeta ya mraba. Chuma laini cha kawaida huanza kupinda moja kwa moja, bila kurudi, mkazo unapofika karibu na nyutoni 250. Mkono huo basi utahimili, ingawa haukubakiza akiba nyingi. Mkono uliorefushwa hupata mkazo wa 290. Huo umekwisha kuvuka mpaka: shimo moja kubwa latosha kuuacha umeinama. Na mtu akitumia bomba la milimeta 3, ambalo hupatikana kwa urahisi zaidi madukani na ni jepesi kuchomelea, mkazo hufika 324 hata kabla ya kurefusha chochote. Kutoka nje mabomba hayo mawili hayatofautiki. Kabla ya kununua keria iliyotumika, au kukubali bomba la fundi, inafaa kuutazama mwisho wa bomba ulio wazi na kuupima unene wa ukuta wake.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalijui, nalo lina faida. Bomba linalopindwa na mzigo wa juu huvutwa katika uso wake wa juu na kukandamizwa katika uso wa chini. Katikati ya kimo chake kuna mstari ambao hauvutwi wala haukandamizwi. Tundu la pini hupita ubavuni, sawasawa kwenye mstari huo, ndiyo maana haliudhoofishi mkono kama mtu angedhani. Lakini keria inapopiga kelele ndani ya ala kwa sababu ya nafasi ndogo iliyobaki, watu hutoboa tundu uso wa juu wa mkono ili wapachike bolti ya kuubana. Tundu hilo limewekwa mahali pabaya kuliko pote. Dawa ya kelele ni kibano cha umbo la U kinachoizunguka ala na mkono kutoka nje na kukazwa kwa nati, bila kutoboa chochote.

Barabara yenye mawimbi

Hesabu ya hapo juu ni ya pigo moja kubwa. Yako mapigo madogo pia, nayo ni mengi mno. Wanaoijua njia ya changarawe kutoka lango la Naabi hadi Seronera, katika mbuga ya Serengeti, wanayajua yale matuta madogo yanayofuatana kama mawimbi ya bahari. Tukichukulia kwamba kutoka tuta hadi tuta ni sentimeta 75, gari linalokwenda kilomita 60 limekutana na matuta 80,000. Kila tuta huupinda mkono wa keria kidogo na kuuachia.

Mhandisi August Wöhler, aliyefanya kazi katika reli za Ujerumani, alilichunguza jambo hili kwa ekseli za mabehewa katika miaka ya 1850 na 1860. Alionyesha kwamba chuma kinachopindwa na kuachiwa mara nyingi huweza kukatika kwa mkazo ulio chini sana ya ule ambao ungekikata kwa mara moja. Chuma, kwa lugha ya mafundi, huchoka. Ufa huanza mahali padogo penye kasoro, huendelea unywele kwa unywele bila mtu kuuona, na siku ya mwisho hukatika ghafla pasipo mzigo wowote wa ajabu. Mwenye gari husema, "Mbona jana nilibeba zaidi ya hiki?" Ni kweli alibeba.

Na mahali penye kasoro panapopendwa zaidi na ufa ni ukingoni mwa maungo ya kuchomelea. Moto wa kuchomelea hubadili tabia ya chuma kilicho karibu, na pale tuta la weldi linapokutana na bomba hubaki kijifuo kinachokusanya mkazo. Ungo linalokata bomba kwa upande, likapita juu ya uso wake sentimeta chache tu kutoka mdomo wa ala, limeunganisha ubaya wote pamoja: mkazo mkubwa kuliko kwingine, kasoro, na mapigo elfu themanini kwa kila kilomita 60. Hapo ndipo mkono uliorefushwa unapoungwa.

Kuikata keria

Njia tunayoipendekeza huanzia upande wa pili. Badala ya kuisogeza keria mbali na gurudumu, tuikate keria ilipishe gurudumu. Tairi la gari hili lina kipenyo cha sentimeta 80 hivi. Basi katika ukingo wa mbele wa jukwaa hukatwa pengo la upana wa sentimeta 80 na kina cha sentimeta 25, mkabala wa gurudumu, hata jukwaa likapata umbo la kiatu cha farasi. Kwa kuwa mkono wa keria nao hupita hapo, hauguswi. Huachwa uendelee chini ya pengo mpaka kwenye sehemu ya nyuma ya jukwaa. Kingo za pengo huzungushiwa bomba lile lile lililokatwa, ili jukwaa lirudishiwe ukakamavu wake.

Hasara ipo, na yafaa itajwe. Pengo hilo hula robo ya eneo la jukwaa. Tena, kwa kuwa sehemu iliyoondolewa ni ya mbele, kitovu cha kile kinachobaki hurudi nyuma kidogo, kama sentimeta 4 au 5. Nazo sentimeta 5 nyingine zinahitajika ili tairi lisisuguane na chuma. Jumla yake ni kwamba kitovu cha mzigo huwa sentimeta 70 kutoka mdomoni badala ya 60. Ukirudia hesabu ile, mkazo wa bomba la milimeta 6 ni 227. Ni zaidi ya 195, lakini uko chini ya 250, na mbali sana na 290. Mzigo wenyewe ukipunguzwa hata keria na vilivyomo viwe kilo 100 tu, mkazo hushuka hadi 151. Sisi tungekomea hapo. Jukwaa limekuwa dogo, na ni vyema liwe dogo, kwa sababu jukwaa kubwa humshawishi mtu alijaze.

Mkono mpya, ikiwa lazima, uwe wa bomba moja lisilo na ungo, kutoka ndani ya ala hadi chini ya jukwaa. Sentimeta 5 zile hazipatikani kwa kuunga. Hupatikana kwa kuutoboa mkono mpya tundu la pini mahali panapofaa.

Gadi

Chombo cha baharini kikipwelewa, mabaharia hukitia gadi pande zote mbili kisilale. Keria nayo yaweza kutiwa gadi, na hakuna badiliko jingine linaloleta faida kubwa hivi kwa chuma kidogo hivi. Bomba mbili nyembamba hutoka katika ncha mbili za chasisi, moja kulia na nyingine kushoto, zikapanda kwa mshazari hadi chini ya jukwaa, kiasi cha nusu ya kina chake. Kila gadi hushikwa kwa bolti juu na chini ili iondolewe upesi.

Bila gadi, mkono wa keria ni kama tawi lililoshikwa upande mmoja. Kwa gadi, jukwaa huwa limeegemea mahali patatu, na sehemu kubwa ya nguvu ya kupinda hutoweka mdomoni mwa ala. Faida ya pili ni kwamba keria haijipindi tena upande. Dumu zito likiwekwa ncha ya kulia na kitanda cha turubai ncha ya kushoto, mkono mmoja wa katikati husokotwa kama mtu anayekamua nguo. Gadi mbili huumaliza msokoto huo kabisa.

Mambo mawili yaangaliwe. Kwanza, gadi zishikwe kwenye chasisi, si kwenye bampa. Bampa nyingi ni bati lililokunjwa. Bolti ziwe za nguvu, zenye alama 8.8 kichwani. Hata ala yenyewe ikague: kama haikufungwa kwenye mihimili yote miwili ya chasisi, kazi yote iliyotajwa hapa ni bure. Pili, gadi huusaidia mkono, lakini haiondoi hata kilo moja katika ekseli ya nyuma wala hairudishi hata moja mbele. Fimbo bado iko begani.

Kimo

Gari la porini lina sifa ambayo gari la mjini hailihitaji sana: pembe ya kutokea. Vuta kamba kutoka pale gurudumu la nyuma linapogusa ardhi hadi kitu cha chini kabisa kilicho nyuma ya gari. Pembe kati ya kamba na ardhi ndiyo inayoamua kama gari litatoka korongoni au litabaki limekalia mkia wake. Katika Jimny tuliyoitaja pembe hiyo ni takriban digrii 50, na wenye nayo huisifia kwa haki.

Tuseme bampa iko sentimeta 50 kutoka ardhini na meta 1 nyuma ya mguso wa gurudumu. Pembe ni digrii 27 hivi. Chomeka keria ambayo chini yake ni sentimeta 45 kutoka ardhini na ukingo wake wa nyuma uko meta 1.9: pembe imeshuka hadi 13. Gari limekuwa basi. Keria ikiinuliwa sentimeta 20 kwa mkono wenye ngazi, pembe hurudi hadi 19. Haifiki 27, lakini korongo nyingi za kawaida zitapitika. Ngazi hiyo ya mkono itiwe vipande vya bati nene vya pembetatu katika kona zake zote mbili, kwa maana hapo pana maungo ambayo hayakwepeki.

Kuinua zaidi ya hapo hatukushauri. Mzigo huanza kuziba kioo cha nyuma, na pia kulikabili gurudumu la akiba kwa kimo chake chote. Hili la gurudumu lifikiriwe kabla ya safari, si usiku wa pancha. Ubawa wa mlango unaolibeba hautafunguka mpaka keria iondolewe. Jeki, spana ya magurudumu na sanduku la dawa visikae nyuma ya ubawa huo. Na kwa kuwa nati za gurudumu zinatazama nyuma, mzigo ulio mkabala wake upangwe uweze kushushwa na mtu mmoja.

Mafuta, moshi na taa

Dumu la chuma la lita 20 ambalo sisi huliita jerikani lilibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1930, na jina lake lilitokana na lakabu ambayo askari wa Kiingereza waliwapa Wajerumani. Ni chombo bora. Lakini mahali pake si keria ya nyuma. Gari likigongwa nyuma, keria ndiyo inayogongwa kwanza, na petroli iliyomwagika juu ya bomba la moshi lenye moto haihitaji maelezo. Maji yakae huko. Mafuta yakae penginepo. Bomba la moshi nalo litazamwe: likielekea moja kwa moja chini ya jukwaa, ncha yake igeuzwe kando, la sivyo madumu ya plastiki yataregea na hema litaungua polepole bila mtu kunusa.

Keria iliyopakiwa huziba kibao cha namba na taa, navyo sheria za barabarani za Kenya na Tanzania zinataka vionekane. Ikiwa gari lina tundu la umeme la tela lenye pini saba, kazi ni nyepesi: taa mbili za tela na kibao hufungwa ukingoni mwa keria, na waya wake huchomekwa hapo. Waya mweupe ni wa ardhi. Ukifungwa vibaya juu ya rangi, taa zote zitababaika.

Wakati wa kuchomelea chochote kwenye gari lenyewe, waya za betri zing'olewe, na tangi la mafuta lisisahauliwe. Chuma kilichopakwa zinki kikwanguliwe kwanza mpaka king'ae, kwa sababu moshi wa zinki huleta homa kali ya usiku kucha ambayo wachomeleaji wengi huidhania malaria.

Majaribio

Kabla ya safari ndefu, keria ijaribiwe kwa hatua. Pakia mzigo kamili, kisha pima kimo cha fenda ya mbele na ya nyuma kutoka ardhini, ulinganishe na vipimo vya gari tupu. Nyuma ikishuka sana na mbele ikainuka, hamishia vitu vizito ndani, mbele ya ekseli ya nyuma, na uiachie keria magodoro, mahema na madumu matupu.

Chora mstari wa rangi nyeupe unaovuka kila nati hadi kwenye chuma ilichokazwa. Safiri kilomita 20 za barabara mbaya kwa mwendo wa kadiri, simama, utazame: nati iliyolegea itakuwa imeuvunja mstari wake. Rudia baada ya kilomita 50, na baada ya hapo kila jioni. Futa vumbi mdomoni mwa ala na kwenye kila ungo kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa, subiri dakika chache, kisha angalia. Ufa mpya huonekana kama mstari mwembamba mweusi, ambao mafuta huendelea kutoka ndani yake baada ya sehemu nyingine kukauka. Ukiuona, mzigo ushushwe hapo hapo, keria ing'olewe na kulazwa ndani ya gari, hata kama mji uko karibu.